Askari Aliyeongoka: Maisha ya Apolo Kivebulaya na Maana ya Neno "Wongofu"

Utangulizi

Huku kwetu Butula, katika mikutano ya Injili na hata katika matanga, hakosekani mzee mmoja wa kusimama na kutoa ushuhuda wa ujana wake jeshini. Huanza kwa kutaja kambi alizotumikia, pombe aliyoinywa, nyumba alizozivunja na mishahara iliyoishia katika karata. Kisha huitaja siku moja, aghalabu pamoja na tarehe na saa yake, ambapo aliacha yote hayo na kumfuata Bwana. Waliohudhuria huitikia kwa wimbo. Lakini nyuma ya umati hutakosa kuwasikia wachache wakinong'onezana: "Huyu tunamjua. Tungoje tuone."

Ni nani aliye na haki hapo, anayeimba au anayengoja? Swali hili si la watu wa kanisa peke yao. Ni swali la lugha na la fasihi simulizi pia, kwa sababu ushuhuda ni utanzu wenye kanuni zake, na neno wongofu lina historia yake. Makala hii inakusudia kulijibu kwa kuyachunguza maisha ya mtu mmoja aliyejulikana sana ng'ambo ya mpaka wetu, yaani Apolo Kivebulaya wa Uganda na Kongo. Kwanza tutaeleza tofauti za maneno yanayotumika. Pili tutamsimulia Apolo kuanzia ujana wake wa silaha na bangi hadi kaburi lake. Mwisho tutatazama jinsi kisa chake kilivyosimuliwa na wengine, na funzo tunaloweza kulipata.

Maneno matatu yanayochanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno kutubu, kuokoka na kuongoka hutumiwa kana kwamba ni visawe. Ukweli ni kwamba kila moja linatazama upande wake.

Kutubu, pamoja na nomino yake toba, ni neno lililotokana na Kiarabu, na Waislamu na Wakristo wanalitumia kwa pamoja. Neno hili linatazama nyuma. Mwenye kutubu anaangalia alilolitenda, analijutia na kuazimia kutolirudia.

Kuokoka ni kauli ya kutendeka ya kitenzi okoa. Aliyeokoka ametolewa mahali pa hatari, mfano wa mtu aliyeopolewa mtoni. Matumizi yake ya kidini yalienea sana Afrika Mashariki kufuatia uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Kenya mwaka 1937. Waganda waliwaita watu wa uamsho huo Balokole, na mtu wa Busia hahitaji mkalimani kutambua kwamba kitenzi okulokoka cha Kiganda na kuokoka cha Kiswahili ni ndugu. Neno hili hupenda sana kiambishi -me-. Husemwa "nimeokoka", tendo lililokwisha timia. Ndiyo maana shahidi wetu wa Butula ana tarehe na saa.

Kuongoka ni jambo jingine. Kitenzi ongoa kina maana ya kunyoosha au kuelekeza panapostahili, na katika ukoo huohuo tunapata ongoza na kiongozi. Aliyeongoka, basi, ni mtu aliyeelekezwa njia iliyonyooka. Neno hili linatazama mbele, kwani njia haina maana isipokuwa kwa mwenye kuifuata. Mtu anaweza kutubu kwa usiku mmoja, na anaweza kuokoka kwa dakika moja, lakini kuongoka kunahitaji miguu na miaka. Hii ndiyo hoja ya makala hii, na maisha ya Apolo ndiyo ushahidi wake.

Askari wa zama za vita

Mtoto aliyekuja kuitwa Apolo alizaliwa Buganda, katika nchi ya Singo, yapata mwaka 1864. Alizaliwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akapewa jina Waswa, lipewalo pacha wa kiume aliyetangulia. Alikua katika wakati wa misukosuko. Dini mbili za kitabu zilikuwa zimefika Buganda. Uislamu ulikuja kwanza, kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani. Ukristo ukafuata, na Alexander Mackay, mmisionari wa Kianglikana aliyefika huko mwaka 1878, akawa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo. Waswa alipata mafundisho ya Waislamu kwanza, kisha akavutiwa na mafundisho ya Mackay.

Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipinduliwa, na Buganda ikaingia katika vita vya makundi ya Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki vilivyoendelea hadi mwaka 1892. Vijana wa rika la Waswa walibeba bunduki na mikuki, naye akawa miongoni mwao. Mnamo mwaka 1891 alikuwa katika msafara wa Kapteni Frederick Lugard ulioelekea magharibi hadi Toro, ambako Lugard alimrudisha Kasagama katika utawala.

Tusilitazame neno askari la zama hizo kwa macho ya leo. Askari wa wakati ule aliishi kwa alichokikuta njiani. Migomba ya wanakijiji ilikuwa ghala lake, na mbuzi wao walikuwa posho yake. Hata waliolipwa mshahara walilipwa kidogo na kwa kuchelewa. Malalamiko ya namna hiyo, pamoja na uchovu wa safari zisizokwisha, yalichangia maasi makubwa ya askari wa Kisudani nchini Uganda mwaka 1897. Katika maasi hayo, huko Lubwa katika nchi ya Busoga, aliuawa George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda. Waswa alikuwa kijana wa mazingira hayohayo. Alishika silaha, alivuta bangi, na wala hapakuwa na dalili kwamba jina lake lingekumbukwa kwa lolote.

Baada ya vita Buganda ilipata utulivu wa kiasi, na watu wengi wakajiunga na madarasa ya ubatizo. Waswa alikuwa mmoja wao. Mnamo Januari 1895, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, alibatizwa kwa jina Apolo, jina la yule msomi wa Aleksandria anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Mkewe alikuwa amefariki, naye hakuoa tena maishani mwake.

Msomaji atambue kwamba safari hii haikuwa ya usiku mmoja. Ndani yake mna mwalimu wa Kiislamu, mmisionari wa Kiskoti, vita, safari ya Toro, ujane na darasa la ubatizo. Ukiuliza ni siku gani hasa askari huyu alibadilika, hutaipata kwa wepesi.

Jina la koti

Jina lililompa umaarufu si Waswa wala Apolo. Ni Kivebulaya, jina la utani lililotokana na mavazi yake. Masimulizi yanataja kwamba alipenda kuvaa vazi la Kizungu pamoja na kanzu yake, na wengine husema lilikuwa koti jekundu la kijeshi. Watu wakamwita "kitokacho Ulaya".

Kwa mwanafunzi wa isimu jina hili ni hazina. Bulaya ya Kiganda na Ulaya ya Kiswahili ni neno moja, na asili yake ni wilaya ya Kiarabu. Lilisafiri na misafara ya biashara kutoka pwani hadi bara. Tena utani umefichwa katika ngeli. Kiambishi ki- cha Kiganda, sawa na ki- chetu, ni cha vitu, na mtu anapowekwa katika ngeli ya vitu huwa amechekwa kidogo. Apolo hakulikataa jina hilo. Alilichukua, akalivaa kama alivyolivaa koti lenyewe, na leo limeandikwa katika kalenda za kanisa.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kama koti lile lilikuwa la askari, basi mwongofu huyu hakulitupa vazi la maisha yake ya zamani. Alilivaa katika kazi mpya.

Mboga: mkuki na gereza

Mwaka uleule wa 1895 Apolo alitumwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Magharibi zaidi, ng'ambo ya mto Semliki, palikuwa na nchi ya Mboga chini ya mtawala aliyeitwa Tabaro. Walimu waliomtangulia Apolo huko waliondoka baada ya kunyimwa chakula. Yeye akaenda mwishoni mwa mwaka 1896. Alipata kupigwa, na nyumba ya ibada ikachomwa moto.

Kisha likatokea jambo ambalo lingeweza kukomesha kila kitu. Wakati wa kukata nyasi za kuezekea kanisa, dada yake Tabaro aliuangukia mkuki uliokuwa nyasini, akafa. Apolo alishtakiwa kwa mauaji. Alipelekwa kwa wenye mamlaka wa Kiingereza huko Toro, akatiwa gerezani. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Huyu ni mtu aliyeshika silaha miaka mingi bila kuulizwa na mtu, na sasa anafungwa kwa ajili ya mkuki katika kazi ya kujenga kanisa. Ilikuwa rahisi watu kusema kwamba askari ni askari tu.

Katika siku hizo za mateso, kwa maelezo yake mwenyewe, Apolo alimwona Kristo aking'aa mithili ya jua na kumtia moyo kwamba yupo pamoja naye. Njozi hii ilimkaa moyoni hadi uzeeni. Tukizingatia tarehe, tutaona kwamba njozi hiyo ilimjia baada ya ubatizo, si kabla. Katika ushuhuda wa kawaida nuru huja kwanza na kazi hufuata. Kwa Apolo kazi ilitangulia, dhiki ikafuata, na nuru ikamkuta akiwa tayari njiani.

Hatimaye mashtaka hayakuthibitika. Apolo aliachiliwa, akarejea Mboga palepale kwa watu walewale. Tabaro, aliyekuwa adui yake, baadaye alibatizwa. Kwa maoni yangu, siku hiyo ya kurudi ndiyo hatua kubwa kuliko ile ya kubatizwa. Askari akishindwa hurudi nyuma kutafuta silaha, lakini huyu alirudi bila silaha.

Miaka iliyofuata

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alifanya kazi kwa miaka mingi Toro, na karibu mwaka 1915 akarudi Mboga kwa makao ya kudumu. Wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika. Mkataba wa mwaka 1910 baina ya Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani ulichora mipaka upya, na Mboga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Nchi ilihama, na watu wakabaki walipokuwa.

Sisi wa Butula tunaielewa habari hii bila kuelezwa. Apolo alipobatizwa mwaka 1895, hapakuwa na mpaka wa kikoloni baina ya nchi ya Wamarachi na Buganda kama huu tunaouona Busia na Malaba. Njia ya misafara ilipita kwa jirani yetu Mumia, na Askofu James Hannington aliipitia mwaka 1885 kabla ya kuuawa Busoga. Baadaye nchi yetu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, katika Mkoa wa Mashariki, hadi mwaka 1902 ulipohamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia na jamaa zao wakajikuta wana serikali mbili. Kwa hiyo Apolo si mgeni wetu kwa namna tunavyodhani. Ni mtu wa ulimwengu uleule uliokatwa vipande na mistari ya wengine.

Kuanzia mwaka 1921 Apolo aliingia katika msitu wa Ituri na kufanya kazi miongoni mwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao wakulima. Alihusika katika jitihada za kuitia Injili ya Marko katika lugha yao. Mwaka 1922 aliteuliwa kuwa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, heshima ambayo ingemruhusu mtu mwingine kukaa mjini. Yeye alibaki Mboga. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi ya kuwaelekeza wafu mashariki. Kazi ilikuwa bado iko upande ule.

Jinsi kisa kilivyosimuliwa

Kisa cha askari mpotevu aliyeongoka kina umbo la kale. Ignatius wa Loyola alikuwa mtu wa jeshi na wa makuu ya dunia hadi alipojeruhiwa Pamplona mwaka 1521. Camillus de Lellis (1550–1614) alikuwa askari aliyepoteza kila kitu katika kamari, akaishia kuwahudumia wagonjwa. Charles de Foucauld (1858–1916), afisa wa farasi wa Ufaransa aliyejulikana kwa anasa, aliishia kuwa mtawa jangwani Algeria na kutangazwa mtakatifu mwaka 2022. Msimuliaji akishalijua umbo hili, hushawishika kumtia kila mtu ndani yake.

Apolo hakuepuka hali hiyo. Mmisionari A. B. Lloyd alimwandikia wasomaji wa Uingereza vitabu vidogo, kimojawapo kikiwa Apolo of the Pygmy Forest cha mwaka 1923. Wasomaji wa aina hiyo walipenda giza liwe jeusi ili nuru ing'ae zaidi. Kinyume chake, shajara ambazo Apolo mwenyewe aliandika kwa Kiganda hazina mbwembwe. Zinataja safari, ibada na watu aliowatembelea. Mtafiti Emma Wild-Wood alizitumia katika wasifu wake wa Apolo uliotoka mwaka 2020, na picha inayopatikana ni ya mtu aliyetembea, akafundisha, akajenga, akatembea tena.

Aidha, kuna hatari ya pili. Wasimuliaji wengine huuweka Uislamu wa ujana wake katika kapu moja na bangi na vita, kana kwamba vyote vilikuwa giza moja. Hili si la haki. Uislamu ndio ulioitangulia dini ya Mackay katika kuileta Buganda fikra ya kitabu, sala na Mungu mmoja. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye lugha yake imejaa matunda ya mkutano huo, hafai kulisahau jambo hili anaposimulia wongofu wa mtu yeyote.

Hitimisho

Tumeona kwamba kutubu hutazama yaliyopita, kuokoka hutaja tukio, na kuongoka huonyesha mwelekeo. Tumeona pia kwamba maisha ya Apolo Kivebulaya hayaelezeki kwa tarehe moja. Yalimchukua miaka 38 kutoka ubatizo hadi kaburi, na ni miaka hiyo inayotufanya tuuamini ubatizo wenyewe. Laiti angefariki mwaka 1896, pengine angekuwa jina moja katika daftari la kanisa.

Nchi aliyoifia haijapata kupumzika na watu wenye silaha. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ya kumkumbuka Apolo ikiwa imemalizika muda mfupi tu, vijiji vya Boga, kama Mboga inavyoandikwa sasa, na jirani yake Tchabi vilivamiwa na zaidi ya watu 50 wakauawa. Ukumbusho wa askari aliyeacha silaha na kurudi mikono mitupu kwa waliomtesa si hadithi ya kale kwa wakazi wa huko. Ni jambo wanaloendelea kulingojea kutoka kwa vijana walioko msituni.

Kwa hiyo turudi kwa mzee wetu wa Butula na wanaonong'ona nyuma ya umati. Wanaoimba wana haki, kwani toba hustahili kupokewa kwa furaha. Lakini hata wanaosema "tungoje tuone" hawana kosa, maadamu wanangoja kwa wema na si kwa kijicho. Neno wongofu lenyewe limewapa ruhusa ya kungoja. Na mzee akiwa mkweli, naye hataona ubaya kungojewa. Atashuka jukwaani, na asubuhi atashika njia.